Kipimo cha mafuta kianze kwa wakubwa, si kwa motari



Tunasikia mjadala juu ya magari yanayokunywa mafuta mengi: Leta iweke kipimo, gari lisilokifikia lisiingie nchini. Sisi vijana wa Bihambwe tunasema ni vizuri. Lakini tuulizane: nani atalipa?

Marekani waliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1975, baada ya nchi za Waarabu kuwakatia petroli mwaka 1973. Sheria ile ilibana viwanda: magari mnayouza yatumie mafuta kidogo, la sivyo mlipe faini. Mwaka 2025 faini hiyo wameishusha hadi sifuri. Kenya nao wanakataa gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8. Kote huko anayebanwa kwanza ni mwenye kutengeneza ao mwenye kuingiza gari, si dereva.

Na sisi? Kati ya 2015 na 2018, Ulaya, Japani na Marekani waliuza nje magari milioni 14 yaliyokwisha tumika. Sehemu kubwa ilikuja Afrika. Likifika kwetu, gari linapambana na potopoto toka Sake, Mushaki, Bihambwe mpaka Masisi. Hata likiwa jipya, likizama kwenye shimo na gia ya kwanza, litakunywa tu. Na mafuta yakipanda kwa Kadhafi wa kando ya barabara, mama anayepeleka maharagi na viazi Goma njo analipa.

Kisheria, kila lita iko na sehemu ya FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa mwaka 2008. Barabara yenyewe iko wapi?

Kuna wanaosema: vita kwanza, mambo ya moshi baadaye. Lakini bei ya usafiri haingoji vita viishe.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kipimo kimguse mwenye kuingiza magari, pale pale kwenye duane.
2. FONER itangaze makuta yaliyotolewa kwa barabara ya Sake–Masisi, mwaka kwa mwaka.
3. Motari asinyang'anywe piki yake kwa jina la mazingira. Apewe muda na njia ya kubadilisha.

Kijana, leo ukitia lita kwenye piki, uliza sehemu ya barabara imeenda wapi. Uliza kwa sauti, na mwenzako asikie.