Saa Moja kwa Wote



Sisi wa reli twajua kuwa saa mbili zisizopatana ni hatari. Ndiyo sababu reli ya Great Western, kule Uingereza, iliacha saa za kila mji ikafuata saa ya London mwaka 1840. Lakini wako wenzetu wanaotunza saa kutushinda, nao ni mafundi wa simu.

Katika simu za dijitali sauti hukatwa vipande 8,000 kila sekunde, vikatumwa kwa zamu kama mabehewa. Kituo kinachopokea sharti kiende sawa na kile kinachotuma. Kikiwa polepole, vipande hurundikana mpaka kimoja hutupwa. Kikiwa na haraka, kimoja husomwa mara mbili. Anayezungumza husikia mlio mdogo tu, lakini faksi hupoteza mistari.

Kwa hiyo nchi huweka saa kuu ya atomi, na vituo vyote huifuata ngazi kwa ngazi. Kanuni ya mataifa yataka isikosee zaidi ya sehemu 1 katika bilioni 100, hata kati ya nchi mbili kipande kisipotee zaidi ya mara moja kwa siku 70 hivi. Tena saa kuu haiaminiwi hivi hivi: huwekewa ya akiba, ikapimwa. Siku hizi simu nyingi zahamia njia za intaneti, lakini minara ya simu za mkononi bado yataka saa zinazopatana.

Kosa likitokea, fundi hamwiti mteja mvivu. Hupima saa.

Je, sisi? Mahali nilipopata kufanya kazi palikuwa na saa mbili. Ya langoni ilitangulia ya ofisini kwa dakika sita. Asubuhi tulihesabiwa kwa ya langoni, jioni tukafunguliwa kwa ya ofisini. Aliyechelewa alikatwa mshahara, lakini zile dakika 36 za kila juma hakulipwa mtu. Tulipouliza, tuliambiwa tu wavivu.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Naomba chama chetu kidai jambo hili katika mapatano: saa moja, mahali pa wazi, ya kuingia na ya kutoka, ipimwe kila Jumatatu mbele ya mwakilishi wetu, na asikatwe mtu hata senti kabla saa yenyewe haijapimwa.

Hatukatai saa. Twataka imfunge na mwenye kuishika.