Ngoma Ipitayo Njiani Si Kelele

Wako majirani zangu hapa Tena ambao kila Jumapili, wasikiapo ngoma za kanisa zikikaribia, hufunga madirisha kwa hasira. Husema hizo ni kelele za washamba waliohamia mjini. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Watazameni vizuri wapitao. Bendera hutangulia, zikafuata ngoma, kisha akina mama, wazee na watoto waliovaa kanzu nyeupe na vilemba, wakiimba na kucheza kwa mpango. Desturi hii ina historia. Kanisa la African Israel Church Nineveh lilianzishwa mwaka 1942 na Zakayo Kivuli huko magharibi ya Kenya, alipojitenga na misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori. Waumini wake walijulikana upesi kwa kuandamana barabarani kwa bendera na ngoma. Mwaka 1975 kanisa hilo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Je, hao nao ni washamba?

Wala si Wakristo wetu tu wanaomtukuza wamwabuduye kwa ngoma za njiani. Huko Kandy, nchini Sri Lanka, Wabudha hufanya maandamano yaitwayo Esala Perahera kila mwaka, mwezi wa Julai au Agosti. Wachezaji na wapiga ngoma hupita mjini usiku pamoja na ndovu waliovishwa nguo za fahari, na ndovu mmoja hubeba kasha takatifu kwa heshima ya jino la Budha. Watalii huvuka bahari kwenda kuyatazama. Sisi hatuna ndovu, lakini ngoma tunazo, tena bila kiingilio.

Najua yuko mgonjwa, na yuko askari wa usiku anayetaka kulala mchana. Haki yao si ndogo. Lakini ngoma ya miguu hupita; baada ya dakika chache imeshafika Umoja. Kisichopita ni vipaza sauti vya baa na vya mahubiri ya usiku kucha. Kanuni za kelele za mwaka 2009 na ziwabane hao kwanza.

Wenye ngoma nao wawe na adabu: wapige polepole karibu na zahanati, na wayaachie magari njia. Wakifanya hivyo, tuwaache wapite. Tukiwafukuza, watoto wetu waliozaliwa mtaani watajifunzia wapi ngoma za wazee wao? Mwacha mila ni mtumwa.