Valizi imejaa, mwili unavaa shimizi mbili

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano kisha Nyiragongo kutapika moto, gavana alitangaza kwamba kartie 10 za Goma zihame mara moja. Wengi wetu tulishika njia ya Sake kwa miguu, valizi kichwani. Kule mvua ikanyesha, watoto wakaanza kutetemeka, tukafungua zile valizi. Ndani mlikuwa nini? Vikwembe vya 8 Machi vya miaka minne, mitano. Triko za matanga zenye picha ya marehemu. Kofia za wagombea. Nguo ya baridi ya mtoto, hata moja haikuwamo.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tungali tunacheka ile habari tukikutana, lakini si cheko la furaha. Na tukiangalia chini ya vitanda vyetu leo, valizi ni zilezile, zimenenepa tu.

Watu wanasema Mkongomani anapenda kuvaa. Ni kweli, na hatuoni haya. Papa Wemba alipofariki mwaka 2016, hata sisi ambao hatujawahi kugusa kiatu cha Paris tulilia. Lakini kupenda kuvaa ni jambo moja, na kurundika ni jambo lingine. Sisi tunarundikaka, tena hatuvai.

Mzizi wake, kwa maoni yetu, ni iniforme. Ndugu akioa, familia inachagua kikwembe. Mtu akifa, kuna triko. Kwaya iko na chake, likelemba iko na chake, chama cha siasa kinatupa cha bure, na 8 Machi haikosekani. Mama anakopa dukani yadi 6, analipa fundi, anavaa siku moja, anakunja. Deni la kwanza halijaisha, kikwembe kingine kimetangazwa. Akikataa? Ataambiwa hakupenda marehemu. Mume yuko machimboni anachota udongo ili alipe nguo ya siku moja.

Halafu kuna balo. Jirani zetu wa Rwanda, mwaka 2016, walipandisha ushuru wa nguo za balo kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2 na nusu kwa kilo. Huku kwetu balo inafunguliwa Birere na kwenye soko la Virunga, na mtu akipita na franka kidogo hawezi kurudi mikono mitupu. Pantalo inabana, lakini bei ni nzuri, tunanunua. Tutakonda siku moja! Tunangojea.

Wazee wetu wanajua ugonjwa huu. Mobutu alipokataza koti na tai, watu walijaza masanduku abacost. Tarehe 24 Aprili 1990 akaruhusu tai tena, na zile abacost zikabaki humo mpaka nondo wakazimaliza. Hakuna aliyezitoa, ju zilikuwa nguo za heshima.

Sasa tuseme jambo linalotuuma sisi wenyewe. Kila mchimbaji tunayemjua iko na shimizi nzuri moja imelala kwenye plastiki, anaichunga kwa ajili ya sikukuu. Wakati huo anaenda popote na pantalo yenye matope na mabuti ya kisimani. Siku moja watatu wetu tuliitwa kuzungumzia mizani, ju kilo zetu zilikuwa zinapungua njiani bila maelezo. Tulienda tulivyo. Mlinzi alituacha nje kwenye jua mpaka mkutano ukaisha. Mara ya pili mama mmoja wa komite yetu akatuamuru: toeni zile shimizi, pigeni pasi. Tuliingia, tukakaa kwenye kiti, tukaongea bila kuangalia chini. Bei haikubadilika siku ile, hatutadanganya. Lakini mizani ililetwa mbele yetu, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni yule ambaye zamani hakufunguaka kinywa.

Kwa hiyo shimizi nzuri ivaliwe Jumatano. Valizi ifunguliwe, na kila nguo iulizwe swali moja tu: mwaka huu ulinivaa? Kama hapana, iende. Masisi kuna baridi, wenzetu kwenye machimbo ya Rubaya wanalala chini ya sheeting. Na jirani aliyekimbia mara tatu hatakuuliza kama rangi inafanana.

Kuhusu iniforme, katika sendika yetu tumependekeza kilio kiwe na kitambaa kidogo cha mkononi tu, na pesa ya triko iende kwa mjane. Mafundi wa cherehani wametukasirikia, na wana haki, wanakula kwa iniforme. Tumewaambia watushonee magauni ya kuvaa kila siku na watengeneze yale ya zamani, kwa sababu kikwembe cha 8 Machi kinatoa nguo mbili za watoto. Wengine wamekubali, wengine bado wananung'unika.

Kumebaki triko zenye picha za marehemu. Hizo hatujui tuzipeleke wapi. Kumpa mtu asiyemjua yule mwenye picha, tunaogopa. Kuzichoma, hakuna anayethubutu. Mzee mmoja wa kwetu iko nazo sita, anazivaa kulala, moja baada ya nyingine.