Mamba, viboko Ruvu: Jaketi okozi pekee halitoshi

Mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru kwenda Bahari ya Hindi, unawapa watu wa Kibaha na Kisarawe samaki, maji ya mashamba na njia ya mtumbwi. Unawapa pia mamba na viboko.

Masika yakijaza bonde, ushauri unaosikika zaidi ni kuvaa jaketi okozi. Sawa, lakini jaketi linamzuia mtu kuzama tu. Mamba hana habari nalo.

Mamba huvizia kwenye kina kifupi, palepale mtu anaposukuma mtumbwi, anapotega nyavu au kuchota maji. Kiboko naye hushinda majini mchana, usiku hupanda kula nyasi. Ukikatiza kati yake na mto alfajiri, uko pabaya. Na mtumbwi wa gogo si kitu mbele ya mnyama wa zaidi ya tani moja.

Kwa hiyo maandalizi yaanzie ukingoni: kivuko kilichofyekwa, watu wawili na si mmoja, kugonga ubavu wa mtumbwi ili viboko wasishtukizwe, safari iishe kabla jua halijazama.

Huko Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, TAWA ilijenga vizimba ili watu wachote maji bila kuvamiwa na mamba. Ruvu nako vinahitajika, tena mapema, kwani mtu akishauawa familia hupewa kifuta machozi. Kisheria, hiyo wala si fidia.