Mlango wangu kwa jirani

Niliporudi Mocímboa da Praia, mji uliotekwa na waasi Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021, niliuona mlango wa nyumba yangu kwa jirani. Mtu akaninong'oneza: "Mwalimu, kawaambie askari alikuwa na waasi. Mlango utarudi leo leo."

Ndugu wasomaji, nilishawishika. Lakini utotoni, nikiwa mkimbizi Tanzania wakati wa vita vilivyokwisha 1992, nilikariri darasani amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo (Kutoka 20:16). Neno langu moja lingemwangamiza baba wa watu kwa ajili ya mbao.

Mathayo 18:15 inatuagiza tumwendee aliyetukosea, tuzungumze naye faragha. Nilikwenda. Alidhani hatutarudi. Aliona haya, tukaubeba mlango pamoja.

Tunaorudi, tuchunge ndimi. Seremala atachonga mlango mwingine, jirani hachongwi.