Waziri Ahamapo

Ibara ya 55 ya Katiba yetu inampa Rais madaraka ya kuteua Mawaziri kutoka miongoni mwa Wabunge, na ni haki yake pia kuwahamisha kadiri aonavyo inafaa. Hilo hatuna ugomvi nalo. Tunalotaka kulizungumza ni jinsi madaraka hayo yalivyotumika miaka ya karibuni, na tunaanzia Karagwe, kwa kuwa Ndugu Innocent Bashungwa wa huko ni mfano ulio wazi.

Novemba 2018 aliteuliwa Naibu Waziri wa Kilimo. Juni 2019 akawa Waziri wa Viwanda na Biashara. Desemba 2020 akapewa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Januari 2022 TAMISEMI. Oktoba mwaka huo huo Ulinzi na JKT. Agosti 2023 Ujenzi. Na Desemba 2024 Mambo ya Ndani ya Nchi. Wizara sita katika muda usiotimia miaka sita! Wako watakaosema kuwa huo ni ushahidi wa uwezo wake, na huenda ni kweli. Lakini TAMISEMI, yenye watumishi katika kila kata ya nchi hii, haifahamiki kwa miezi tisa.

Wala si yeye peke yake. Tangu Ndugu Charles Mwijage wa Muleba Kaskazini aondolewe Viwanda na Biashara Novemba 2018, hadi Dk. Ashatu Kijaji alipoingia Januari 2022, kiti kile kilikaliwa na Ndugu Kakunda, Ndugu Bashungwa, Ndugu Mwambe na Profesa Kitila Mkumbo.

Sasa na tumtazame mkulima wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mkulima huyu huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Wenyewe huita butura. Kahawa nyingine huvushwa kwa magendo kwenda Uganda, kuifuata bei nzuri. Dawa ya ugonjwa huu haimo katika Wizara moja: ushirika na zao lenyewe viko Kilimo, biashara iko Viwanda na Biashara, polisi wako Mambo ya Ndani. Ndugu Bashungwa amepita kote huko. Hata hivyo, kila aliposhika ncha moja ya kamba, ncha nyingine zilikuwa mikononi mwa wengine, na alipoizoea aliitwa kwingine. Hatumlaumu yeye, waitwao na Rais huitika.

Wazee wa Karagwe wanamkumbuka marehemu George Kahama. Naye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Lakini alipokabidhiwa Ushirika na Masoko, baada ya uchaguzi wa 2000, alikaa hapo hadi 2005, na ushirika wa kahawa aliujua tangu ujana wake akiwa kazini Bukoba. Hatusemi kwamba miaka mitano ilimaliza shida za mkulima. Angalau mkulima alijua nani wa kumwuliza.

Msomaji wetu wa Ukerewe, Bumbire au Goziba atauliza: ya Karagwe yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Vivuko vya Serikali viko chini ya TEMESA, na TEMESA iko chini ya Wizara ya Ujenzi. Desemba 2024 Ndugu Bashungwa alipotoka Ujenzi, mahali pake paliingia Ndugu Abdallah Ulega, aliyetolewa Mifugo na Uvuvi. Hivyo kwa tangazo moja mwananchi wa kisiwani alibadilishiwa Waziri wa kivuko chake na Waziri wa samaki wake. Sisi tulioshuhudia msiba wa MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, ulioua watu zaidi ya 220, hatuwezi kuliona hilo kuwa dogo.

Tunaiomba Serikali jambo moja. Waziri anapohamishwa, makabidhiano yasiishie katika kupeana mikono mbele ya wapiga picha. Iandikwe ahadi aliyoitoa, mahali alipoitolea, fedha iliyotengwa na tarehe ya kukamilika, kisha waraka huo upelekwe kwenye Kamati ya Bunge inayohusika na nakala zibandikwe katika ofisi za Wakuu wa Wilaya, Nansio na Kyerwa vilevile, ili Waziri mpya atakapofika kwa mara ya kwanza, wananchi wasilazimike kuanza naye hadithi upya.