Waombao Ruzuku ya Miti na Waanze na Hesabu ya Maji

Maadamu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeuweka Mfuko wa Misitu Tanzania, na katika kazi zake mna kutoa ruzuku kwa vikundi, vijiji na taasisi zenye nia ya kupanda miti na kuihifadhi, sisi watu wa Mtinko hatuna udhuru wa kuliacha jua la Septemba lituunguze toka sokoni hadi mlangoni pa shule, huku tukinung'unika kwamba tumesahauliwa. Wako wanaoogopa, kwa kuwa wamezoea ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri wanayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wakadhani kila fedha ya umma ni deni. Ruzuku si mkopo. Hairejeshwi kwa shilingi, bali hutolewa hesabu yake kwa kazi iliyofanyika.

Na hesabu hiyo ndiyo itakayotuaibisha tusipotahadhari. Aghalabu waombaji huandika kana kwamba kupanda ndiyo kazi nzima: fungu nono la miche, fungu la siku ya uzinduzi pamoja na fulana zake, kisha chini kabisa ya karatasi, kama kwa haya, neno moja la matunzo. Nasema fungu hilo la mwisho liwe ndilo la kwanza. Nchi yetu ya Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, toka mwishoni mwa Novemba hadi Aprili hivi, na baada yake ni ukavu mtupu. Kikundi kikiomba miche 200, na kila mche ukapewa lita 10 mara mbili kwa juma, ni lita 4,000 kila juma. Kwa majuma 30 ya kiangazi ni lita 120,000, yaani madumu 6,000 ya lita 20. Yatabebwa na punda wa nani, kutoka kisima kipi, mwezi wa Oktoba ambapo akina mama wamekwisha kupanga foleni tangu alfajiri? Ombi lisilojibu hayo ni haki liwekwe kando. Afadhali kuomba miche 60, ambayo madumu yake ni 1,800, na kila mche ukaandikiwa jina la nyumba inayoukabili.

Kuna na mbuzi. Mtama na alizeti vikishavunwa, mifugo huachiwa huru, na mche laini wa kando ya njia hauna mtetezi. Jirani zetu wa Kondoa, chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulioanza mwaka 1973, waliondolewa mifugo mwaka 1979 katika ardhi iliyomomonyoka, na uoto ukarudi. Sishauri ukali wa namna ile. Uzio wa miiba kwa kila mche na sheria ndogo ya kijiji vyatosha, lakini sharti gharama yake iandikwe. Na mtunzaji alipwe kama walivyolipwa akina mama wa Kenya katika harakati ya Ukanda wa Kijani aliyoianzisha Wangari Maathai mwaka 1977: ujira mdogo kwa mche uliopona, wala si kwa shimo lililochimbwa.

Fauka ya hayo, tusipande kwenye hifadhi ya barabara bila idhini. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati, nayo i mikononi mwa TANROADS. Njia za ndani ni za TARURA. Barua ya idhini iambatishwe pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, na mistari ya miti iepuke nyaya za umeme. Miembe ya Tabora na Ujiji, iliyopandwa zama za misafara, ingali yatoa kivuli, kwa kuwa haikuwekwa mahali pa kukatwa kesho.

Kitalu cha mwarobaini na mijohoro kianze Agosti, ili miche iwe imekomaa Desemba. Fedha zikichelewa hadi Machi, msipande kwa kuwa tu zimefika. Iacheni miche kitaluni chini ya kivuli, mwandikieni mfadhili kumwarifu sababu, na mngojee mvua za mwaka unaofuata.